Fundi wa Mawe ya Mfungo

Kabla ya kulitazama jiwe, Fundi aliligusisha kwenye mdomo wake wa chini. Alifanya hivyo mbele ya mteja yeyote, hata mgeni wa Kizungu aliyelitoa jiwe lake kwenye kitambaa kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba yai la njiwa. Likiwa na uvuguvugu, Fundi alisema, "Plastiki," akalirudisha. Likiwa baridi, alisema, "Kioo," na hapo ndipo alipolitazama. Na mara chache sana, jiwe lilipokuwa baridi kuliko kioo na likakataa kupata joto, alilirudisha upesi kuliko hata plastiki. "Hili la kweli, mama. Lifunge vizuri. Mimi na hili hatujuani."

Sikuwa na shughuli yoyote kwenye baraza lake. Nilikuwa karani wa chama cha wakulima wa minazi mpaka nilipostaafu, na nyumba yangu iko Miburani, mwendo mfupi tu. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kujua. Mtu mzima, bibi wa wajukuu, anakaa nyuma ya soko la Kilindoni, hapa kisiwani kwetu, akitengeneza pete, hereni, bangili na mapambo ya kichwa ya maharusi kwa mawe ya kioo, yale ambayo washonaji wa magauni huyaita stoni, na wanawake wanatoka Baleni na Ndagoni na Jibondo kumfuata. Walikuwa wanafuata nini? Madukani mapambo yalikuwa tele, tena ya bei rahisi. Yeye aliniita Katibu, ingawa sikuwahi kuwa katibu wa chochote, nami nikamwita Fundi kama walivyomwita wote.

Sasa hayupo, Mungu amrehemu. Wanaomkumbuka wanakumbuka mng'aro. Mimi namkumbuka zaidi kwa ile miaka ambayo macho yake yalianza kumwibia rangi, mji mzima ukajua, na hakuna aliyemwambia. Jina lake lote lilisimama juu ya jambo moja, kwamba Fundi hakosei rangi. Nami nilikuwa miongoni mwa walionyamaza. Nilikuwa nimesoma kidogo kuliko ambavyo ningependa, lakini nilikuwa nimesoma kiasi cha kujua kwamba kunyamaza kwetu hakukuwa dawa.

Mawe ya mfungo yalianza na mgeni mmoja wa Utende, kwenye hoteli za watalii, mwanamke aliyekuja kuogelea na papa potwe, wale wakubwa wasiodhuru. Huyo ndiye aliyemweleza Fundi kwamba kwao kila mwezi una jiwe lake, na mtu huvaa jiwe la mwezi aliozaliwa. Wa kwanza jekundu lililoiva, wa pili zambarau, wa tano zumaridi, wa saba yakuti, hivyo hivyo mpaka wa kumi na mbili, ambao jiwe lake moja ni tanzanaiti. Hapo Fundi alicheka mpaka akashika ubavu.

"Jiwe linachimbwa kwetu," aliniambia, "na hapa kisiwani hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona. Mgeni ndiye ananieleza lilivyo. Ati ukiligeuza hivi ni bluu, ukiligeuza hivi ni zambarau. Nikamwambia, basi ngoja."

Alikwenda kulitafuta kwenye kioo. Aliagiza Kariakoo mawe ya mchanganyiko, yale ya kuuzwa kwa vipimo bila kuchaguliwa kwa sababu ndiyo ya bei nafuu, akayamwaga kwenye sinia na kuyachambua kwa jicho. Kila johari ya wenye nazo aliitafutia nduguye wa kioo. Yakuti alimpa jekundu la komamanga. Almasi alimpa lile jeupe lenye utando wa fedha mgongoni. Jiwe la mwezi wa kumi, ambalo mgeni alisema lina rangi zote ndani yake, lilimhangaisha sana, hadi alipopata kioo kilichopakwa kitu fulani kikawa kinameta kama mafuta ya injini juu ya maji. Alinionyesha kama mtu aliyevua jodari.

Lakini hesabu ya miezi aliianzia kwake. Mwezi wa kwanza kwa Fundi ulikuwa Mfungo Mosi, ule unaofuata baada ya Ramadhani, na wa mwisho ni Ramadhani yenyewe. Mimi nikaona nimekuta kosa.

"Fundi, mwezi wa kwanza wa wale ni Januari."

"Kwao."

"Sasa wewe umeanzia kwenye Idi."

"Katibu, muulize mama yeyote hapa mwanawe kazaliwa lini. Atakwambia Mfungo Tatu, siku ya pili ya Idi Kubwa. Atakwambia Rajabu. Nani atakwambia Aprili?"

"Mimi nimezaliwa Julai."

"Nani kakwambia?"

Julai niliandikiwa na mwalimu siku niliyoanza shule, mimi pamoja na nusu ya darasa.

Basi mtoto wa Mfungo Pili akawa wa zambarau, wa Mfungo Tano wa kijani, wa Shaabani wa kahawia ya asali, na wa Ramadhani wa tanzanaiti. Kilichomfurahisha kuliko vyote ni kwamba la sita lilikuwa lulu, na la sita kwetu ni Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. "Ungeweza kupanga hivyo wewe?" aliniuliza, kama aliyepanga yeye.

Maalimu wa madrasa alimjia na wasiwasi wake. Alisimama pembeni ya baraza, mikono nyuma, akaanza kwa upole.

"Bi Fundi, watu wanasema unagawa mawe ya nyota."

"Ya nyota? Mie? Nagawa mawe ya gundi, Maalimu."

"Jiwe halileti kheri wala haliondoi shari."

"Nani kasema linaleta? Hata kuning'inia sikioni linaning'inia kwa sababu nimelifunga waya. Likijiweka lenyewe nitakuja kukuita."

Maalimu alijaribu kutocheka, akashindwa. Baadaye mkewe alikuja kuchukua hereni za Rajabu.

Na kweli Fundi hakuwahi kumwambia mtu kwamba jiwe linafanya kitu. Alisema jiwe linamfanya mtu aulizwe. Mwanamke anayevuna mwani haulizwi habari ya kuzaliwa kwake tangu mama yake afe. Akivaa pete ya kijani, shoga yake atauliza, mbona kijani, naye atasema, mimi wa Mfungo Tano, mvua ilikuwa inanyesha, mkunga alichelewa. "Basi hapo ameshazaliwa tena," alisema Fundi, "kwa bei ya sahani ya wali."

Wateja wake hawakuwa wanawake peke yao. Kijana mmoja wa bodaboda kutoka Ndagoni alikuja anataka tangi la pikipiki lipambwe. Fundi alimtazama, akaitazama pikipiki.

"Ilizaliwa lini?"

"Nini, bibi?"

"Hiyo. Uliinunua mwezi gani?"

"Aa, bibi, niliinunua tu. Mwezi wa Maulidi, nadhani."

"Lulu, basi. Lakini lulu na barabara ya Ndagoni haziivani. Nitakuwekea nyeupe ya kioo, ukianguka utuokotee."

"Sianguki mimi, bibi."

"Ndiyo maana una bendeji."

Kazi yenyewe niliitazama kwa miaka na bado siwezi kuifanya. Mawe aliyaweka kwenye vichupa vya dawa ya sindano alivyoomba zahanati, vimesimama ndani ya trei la mayai. Jiwe dogo hakulishika kwa vidole. Alikuwa na njiti ya kiberiti yenye nta ya nyuki kwenye ncha. Aligusa jiwe mgongoni, likanata, akalipeleka kwenye kitako chake, kisha akazikunja kucha za waya zinazolishika juu yake moja baada ya nyingine kwa koleo ndogo. Mawe ya mgongo bapa aliyabandika kwa gundi, ya mgongo mchongoko aliyavika kucha. Ule utando wa fedha unaolipa jiwe mwanga ndio udhaifu wake, kwa sababu jasho na maji ya chumvi huuchubua na jiwe hugeuka jeusi. Aliita hilo jiwe lililokufa. Dawa yake ilikuwa rangi ya kucha za vidole, ile isiyo na rangi, tone moja mgongoni kabla ya kufunga. Gundi aliibania kama mtu anayepima kiwanja cha kujenga, lakini mawe aliyamwaga. Ukiagiza matatu ulikuta matano, na ukimwuliza alisema hayo mawili yalijiingiza.

Kwa mgeni hakuwa na simile. "Kioo! Kioo!" aliwaambia wa Utende kwa sauti ya kuita mbuzi, ili asije mtu akasema aliuziwa johari ya uongo. Kwa hiyo nilishangaa siku nilipompelekea pete ya mke wangu. Niliinunua Dar es Salaam ujanani kwa mtu aliyeniapia kuwa ni yakuti, nami nikamwapia mke wangu vivyo hivyo, kwa kishindo, mbele ya wakwe. Kucha moja ilikuwa imelegea. Mke wangu alikuwa amekaa pale pale. Fundi akaligusisha jiwe mdomoni. Nilimwona akinitazama juu ya pete.

"Baridi," alisema. Basi. Akaikaza kucha, akairudisha.

Mke wangu alipokwenda sokoni kununua nazi nikamwuliza.

"Kioo, Katibu. Ila kioo kizuri."

"Mbona hukusema?"

"Mgeni namwambia kweli kwa sababu anaondoka. Nyie ntalala nanyi kisiwa kimoja."

Alikuwa hivyo. Alipamba maharusi wa Kilindoni na yeye mwenyewe hakuvaa hata kipini. Aliwahimiza watu waseme ukweli kuhusu umri wao na wake aliuficha mpaka kwa wanawe. Alijisifu bila haya. Ukimwambia kazi imependeza, alijibu, "Najua." Na mara kwa mara alikosea kabisa, kwa sauti ile ile ya uhakika. Alishikilia kwamba kioo hutengenezwa kwa mchanga uliochemshwa ndani ya maziwa, na nilipombishia akasema, "Kioo ni mchanga uliokwenda shule, Katibu, kama wewe. Na wewe hujui walikufanyaje."

Sasa nieleze ya macho.

Ishara ya kwanza ilikuwa malalamiko. Alianza kuwalaumu wa Kariakoo. "Mawe ya siku hizi wameyaosha kwa chai," alisema, akiinua kichupa juu kulielekea jua. "Tazama. Yamefifia yote." Nikatazama. Kichupa kilikuwa na mawe ya bluu, safi kama bahari ya Kinasi. Nikafikiri anatania.

Kisha yakaanza kuchanganyika. Kwa kuwa alinunua mchanganyiko na kuchambua kwa jicho, jicho lilipoharibika kila kitu kiliharibika kuanzia kwenye sinia. Kwenye kichupa cha zambarau nikaona kahawia. Kwenye kichupa cha tanzanaiti nikaona kijani kama cha chupa ya soda. Vidole vyake havikuwa na tatizo; kucha zilikunjwa vilevile, jiwe halikuyumba hata unywele. Rangi tu ndiyo ilimkimbia.

Nilitaka kujua anaona nini. Nilikuwa na chupa ya asali nyumbani, imebaki kidogo, nikaisukasuka mpaka ikapaka ukuta wa chupa, nikaiweka mbele ya jicho na kutazama kitambaa cha mke wangu cha zambarau. Kikawa kahawia. Nikatazama ndoo ya bluu. Ikawa kitu cha kijani kilichochoka. Jekundu halikubadilika sana. Nilikaa pale uani na chupa jichoni, nikizunguka kama mtoto, mke wangu akauliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Nilikuwa nimefurahi kwa kuelewa, na ilichukua muda kabla ya kuona aibu kwamba nilikuwa nimefurahi.

Wenzangu wa mji walikuwa wameelewa kabla yangu. Walichokifanya sijawahi kukisikia mahali pengine. Kwetu mtu husitiriwa. Mzee akisahau rakaa, anayeswali pembeni hatasema kitu, atakohoa. Basi mama aliyeagiza jiwe la Mfungo Pili akapewa la kahawia, hakulirudisha. Alisema asante, akaenda nyumbani, na akambadilishia mtoto mwezi. Mtoto akawa wa Shaabani. Aliyepewa kijani badala ya tanzanaiti, mwanawe akatoka Ramadhani akawa wa Mfungo Tano. Walifanya hivyo bila kukubaliana, kila mmoja kwa adabu yake, na walipokutana njiani waliulizana kwa nyuso zilizotulia kabisa. "Huyu si alizaliwa tunafunga?" "Aa, ulisahau. Mfungo Tano huyu."

Fundi mwenyewe aliona kitu. "Katibu," aliniambia siku moja, "mbona siku hizi watoto wengi ni wa Shaabani?"

"Sijui, Fundi."

"Lazima kuna sababu. Hesabu nyuma. Miezi tisa kabla ya Shaabani wanaume wa hapa wanakuwa wanafanya nini?"

Niliangalia chini.

Kisha ikaja harusi ya mjukuu wangu. Yeye ni wa Mfungo Pili, sina shaka; nilikuwa uwanjani nikikatakata kuni usiku... hapana, ilikuwa alfajiri, na mwezi ulikuwa umeandama siku iliyotangulia. Fundi alimtengenezea pambo la paji la uso, hereni na bangili, kazi aliyoifanya kwa mapenzi kuliko zote nilizomwona akifanya. Zambarau, tuliagiza. Ilikuja rangi ya mchuzi wa ukwaju, juu ya gauni la zambarau. Bibi harusi aliitazama, akapumua, akainamisha kichwa avalishwe. Nilifungua mdomo.

"Babu, nyamaza," alisema. "Leo si siku ya rangi."

Mashangazi wakawaambia wageni kwamba bibi harusi ni wa Shaabani. Fundi alikaa katikati ya wanawake, uso unang'aa, akipokea sifa. "Najua," aliwajibu. "Najua."

Madaktari wa macho walikuwa wanakuja kutoka bara mara moja moja. Bajaji ilizunguka na kipaza sauti, wazee wakapanga foleni hospitalini, na wenye mtoto wa jicho walipasuliwa wakaondoka wanaona. Fundi ndiye aliyekuwa akiwasukuma watu kwenda. Alimpeleka jirani yake kwa mkono. Alinipeleka mimi nikapewa miwani. Yeye hakukubali.

"Macho yangu ndiyo duka langu," alisema. "Nani humkabidhi mgeni ufunguo wa duka?"

"Jirani yako kapasuliwa na sasa anatia uzi kwenye sindano."

"Yeye alikuwa haoni. Mimi naona. Ni haya mawe tu."

Na hapo ndipo mahali pa kumwambia palipokuwa, wazi kama mlango. Nilikohoa.

Aliyemwambia alikuwa mtu asiyejua kukohoa kwetu. Madaktari walikuwa wamerudi, bajaji imeshapita asubuhi. Tulikuwa watu wachache barazani: mimi, mke wa Maalimu, na muuza bajia aliyekuwa amekaa kupumzisha miguu. Akaja mwanamke kijana amebeba mtoto mchanga. Mumewe alikuwa mvuvi kutoka upande wa Kilwa, wapo dago, kambi ya wavuvi, kwa msimu, naye alimfuata akajifungulia huku huku. Alisalimia vizuri, shikamoo kwa kila mmoja, tukaitikia marahaba. Kisha akafungua kitambaa akatoa bangili ndogo ya mtoto.

"Bibi, samahani. Niliagiza ya Ramadhani."

"Ndiyo hiyo."

"Hii ya kijani, bibi."

Mke wa Maalimu akaanza haraka, "Labda mwanangu, mtoto wako ni wa Mfungo Ta—"

"Aa, mama, si nilizaa mimi? Usiku wa ishirini na saba, watu wako msikitini. Nitasahau?" Akamgeukia tena Fundi, bila ubaya wowote. "Ni nzuri, bibi. Ila ni ya kijani."

Fundi aliichukua. Aliigusisha mdomoni, kwa mazoea. Akainua juu kulielekea jua, akaigeuza, akaigeuza tena. Muuza bajia alikuwa anatazama bajia zake kama hajawahi kuziona.

"Katibu," alisema Fundi, bila kushusha mkono. "Ni ya kijani?"

Nilitaka kukohoa. Koo lilikuwa tayari.

"Ya kijani, Fundi."

Mkono ukashuka polepole.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya harusi ya mjukuu wangu."

"Lile pambo. Halikuwa zambarau?"

"Lilikuwa kahawia."

"Naye akalivaa."

"Akalivaa."

Alifikiri. Nilimwona akihesabu kwa midomo, akirudi nyuma, mtoto mmoja mmoja, mama mmoja mmoja. Kisha akamgeukia mke wa Maalimu. "Kwa hiyo hao wote hawakuzaliwa Shaabani."

"Bi Fundi, tulikuwa tunakusitiri tu."

"Mmenisitiri!" Alipiga kofi trei la mayai, vichupa vikaruka. "Mmenisitiri mpaka mmenitia kaburini nikiwa nimekaa! Watoto wa watu mmewabadilishia kuzaliwa, kisa mimi? Na wewe Katibu, na Julai yako!"

Mtoto wa yule mwanamke alianza kulia, na hicho kilio kilitusaidia sote. Fundi akamtazama mtoto, akanyoosha mkono akamshika kisigino.

"Mwanangu," alimwambia mama yake, na sauti ilikuwa imepungua, "njoo ukae hapa karibu. Mwaga kichupa chochote unachotaka kwenye sinia, ulitafute jiwe lako mwenyewe. Lile ambalo ukiligeuza hivi ni bluu, ukiligeuza hivi ni zambarau. Ukilipata nitilie kwenye njiti."

Yule mama kijana alichambua kwa muda, ulimi nje. Alilipata. Fundi alifungua kucha za bangili bila hata kuangalia, akalitoa la kijani, akalivika jipya, akakunja kucha zote kwa vidole vinavyojua njia. Akalipapasa. Akairudisha bangili.

"Nani mwingine anajua kusema hivyo huko dago?" aliuliza. "Waambie waje."

Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akasimama.

"Katibu, wale watu wa macho wanaondoka lini?"

"Kesho kutwa."

"Twende."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kabla hekima haijanirudia."

Alishika mkono wa shati langu, si mkono wangu, na tukaenda hivyo katikati ya soko. Alisimamisha kila mwanamke aliyemsikia akiliza bangili. "Hilo lako rangi gani?" "Zuri, Bi Fundi." "Sikuuliza uzuri." Wengine waligugumia wakaondoka. Lakini muuza ndizi mmoja alimtazama usoni, akanitazama mimi nilivyosimama na shati limekunjamana mkononi mwake, akaelewa. "Kahawia, Bi Fundi. Mimi wa Mfungo Pili." Fundi akaitikia kwa kichwa. "Lilete wiki ijayo," alisema, na tukaendelea.

Walimpasua siku iliyofuata, jicho moja. Nilimwona asubuhi ya siku ya pili yake, kwenye veranda ya hospitali, amekaa benchi moja na wazee wengine wenye bendeji, akijibu maswali ya wote kama daktari. Muuguzi alikuja na sinia lake, akaanza kuwafungua mmoja mmoja. Alipomfikia Fundi akaondoa pamba taratibu, akasema, "Fungua, bibi. Pole pole."

Alifungua. Nilidhani atatazama mikono yake, au mimi, na nilikuwa nimejiandaa kutazamwa. Alikuwa anatazama mlango wa wodi mbele yake.

"Mlango huu," alisema, "ulikuwa wa bluu siku zote?"

"Siku zote, bibi," alisema muuguzi. "Haya, nyanyuka sasa, wenzako wanangoja."

"Wangoje kidogo," alisema Fundi, bila kuuondolea macho. "Zamu yao ikifika nao watautazama."